Kununua Ford Fusion Iliyotumika Marekani: Chagua Injini Kwanza, Rangi Baadaye

Ford Fusion iko kila mtaa wa Marekani: kwenye yadi za magari ya mkononi, kwenye maegesho ya viwanda, na kwa madereva wa Uber. Ina nafasi, inatulia barabara kuu, na bei yake huwa chini ya Toyota Camry au Honda Accord ya mwaka uleule. Unafuu huo una sababu. Chini ya bodi moja Ford waliweka injini ambazo hazifanani hata kidogo kwa uimara. Moja inaweza kuvuka maili 200,000 bila kufunguliwa, nyingine inaweza kunywa maji ya rejeta hadi bloku itupwe. Muuzaji hatakueleza tofauti, na mara nyingi hata yeye haijui. Kwa hiyo ukaguzi wa Fusion unaanza kwenye namba ya chesisi.

Vizazi viwili, magari zaidi ya sita

Kizazi cha kwanza kilitoka kama gari la mwaka 2006, kikiunganishwa Hermosillo, Mexico, juu ya msingi uliotokana na Mazda6. Ndiyo maana sehemu nyingi za mwanzo zina asili ya Mazda, na ndiyo maana usukani wake ulisifiwa. Injini zilikuwa mbili: lita 2.3 yenye silinda 4 na lita 3.0 ya V6. Mwaka 2010 gari likafanyiwa marekebisho makubwa. Lita 2.3 ikapisha lita 2.5 ya nguvu farasi 175, ikaja V6 ya lita 3.5 kwenye toleo la Sport, na haibridi ya kwanza, iliyochukua tuzo ya Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini 2010.

Kizazi cha pili ni cha 2013 hadi 2020, chenye grili pana mbele. Huyu ni pacha wa Ford Mondeo ya Ulaya. Aprili 2018 Ford walitangaza kuachana na sedani Amerika Kaskazini, na Fusion ya mwisho ilitoka kiwandani Julai 2020. Vipuri bado ni tele, kwa sababu magari yenyewe ni mengi mno.

Wengi wananunua kizazi cha pili, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inakihusu.

Hatua ya 1: Soma namba ya chesisi

Namba ina tarakimu na herufi 17. Iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na tena kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hakikisha zote mbili zinafanana, kisha tazama sehemu tatu.

Mwanzo: 3FA ni gari la Hermosillo, 1FA ni la Flat Rock, Michigan, ambako Fusion iliunganishwa kwa miaka michache. Hili ni la kujua tu, halibadilishi uamuzi.

Nafasi ya 10 ni mwaka wa modeli: D ni 2013, E 2014, F 2015, G 2016, H 2017, J 2018, K 2019, L 2020. (Herufi I haitumiki, ndiyo maana H inafuatwa na J.)

Nafasi ya 8 ndiyo injini, na ndiyo inayoamua ununue au uondoke:

- 7: lita 2.5 bila turbo
- R: lita 1.6 EcoBoost yenye turbo, 2013 na 2014
- D: lita 1.5 EcoBoost yenye turbo, kuanzia 2014
- 9: lita 2.0 EcoBoost yenye turbo
- P: lita 2.7 V6 yenye turbo mbili, toleo la Sport la 2017 hadi 2019
- U: lita 2.0 bila turbo, ya haibridi na ya Energi inayochajiwa ukutani

Nembo ya EcoBoost kwenye buti inasaidia, lakini nembo hubanduliwa. Na "SE" peke yake haikwambii kitu: kuna SE ya 2.5, ya 1.5, ya 2.0 na ya haibridi.

Hatua ya 2: Amua kabla hujaenda kuliona

Lita 2.5 (namba 7) ndiyo ya kutafuta kama unataka gari la kazi. Haina turbo, mafuta huingia kwa njia ya kawaida kabla ya valvu, na ina cheni ya taiming badala ya mkanda. Inakwenda pole: nguvu farasi 175 kwa gari la ukubwa huu hazimshtui mtu. Kwa wastani inatoa maili 26 kwa galoni, karibu kilomita 11 kwa lita.

Haibridi (U) ni chaguo zuri la pili, hasa kwa anayezunguka mjini kutwa. Ilipotoka ilitangazwa maili 47 kwa galoni, na Juni 2014 Ford wenyewe wakashusha hadi 42. Hata 42 ni kama kilomita 18 kwa lita. Ila buti inapungua kwa sababu ya betri: ya kawaida ina futi za ujazo 16, haibridi 12, na Energi 8.2 tu. Familia yenye kigari cha mtoto isikubali Energi kabla ya kujaribu kukiingiza.

Lita 1.5 (D) ya 2014 hadi 2019, na lita 2.0 (9) ya 2017 hadi 2019, ndizo zenye ugonjwa wa maji kuingia silinda. Silinda za injini hizi zimesogeleana sana. Ili kupoza ukuta mwembamba kati yake, bloku ilichimbwa mfereji mdogo juu, palepale gasketi ya silinda hedi inapokaa. Gasketi ikabaki na sehemu nyembamba ya kushikilia. Chuma kinapopanuka na kunywea kila siku, maji yanapata upenyo. Injini ikizimwa ikiwa moto, presha iliyobaki inasukuma maji ndani ya silinda, na asubuhi gari linawaka likitetemeka. Kubadilisha gasketi peke yake hakutibu, kwa sababu mfereji bado upo. Dawa ni bloku mpya ya muundo uliorekebishwa, na hiyo ni kazi ya maelfu ya dola. Kwa gari la bei ya chini, injini inakula thamani ya gari zima.

Gari la D au 9 la miaka hiyo lichukue tu kama kuna risiti inayoonyesha bloku ilishabadilishwa. Lita 2.0 ya 2013 hadi 2016 ni ya muundo tofauti, nayo ina sifa nafuu.

Lita 1.6 (R) iache. Ford waliiita irudishwe kurekebishwa (mwito wa usalama, "recall") zaidi ya mara moja kwa ajili ya kuchemsha na hatari ya moto. Yenyewe na 1.5 zina mkanda wa taiming, ambao ratiba ya Ford inataka ubadilishwe maili 150,000. Wanunuzi wengi hupokea gari karibu na umri huo bila kujua kuna mkanda ndani.

Hatua ya 3: Angalia miito ya usalama

Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Utaona bure kasoro ambazo hazijarekebishwa, na wakala yeyote wa Ford anazirekebisha bila malipo hata kama wewe ni mmiliki wa nne. Kwa Fusion, tazama hizi:

Bushi ya waya wa gia, 2013 hadi 2016. Hii ilikuwa sehemu ya mwito wa 2022 uliogusa magari milioni 2.9 ya Ford. Bushi ya waya unaoenda kwenye giaboksi huoza kwa joto na unyevu, ikaachia. Mkono wa gia unasoma P, kumbe giaboksi liko kwenye gia nyingine, na gari linatembea lenyewe. Fusion za 2017 kuendelea zina kitufe cha kuzungusha badala ya mkono wa gia, hivyo haziguswi.

Boliti ya usukani, 2014 hadi 2018. Inalegea, na usukani unaweza kutoka mkononi. Shika usukani uuvute kuelekea kwako: usisogee hata kidogo.

Hosi za breki za mbele, 2013 hadi 2018, mwito wa 2023. Zinapasuka na kuvuja. Pedali ikishuka mbali kuliko kawaida, usiliendeshe gari hilo kulipeleka gereji, ita gari la kuvuta.

Kwa kizazi cha kwanza, kubwa ni mifuko ya hewa ya Takata, 2006 hadi 2012. Agosti 2024 Ford waliwaambia wenye magari ambayo hayajarekebishwa wasiyaendeshe kabisa. Za 2011 na 2012 zina pia mwito wa usukani wa umeme.

Toa pia ripoti ya historia kwa namba hiyohiyo. Hati yenye neno "Salvage", "Rebuilt" au "Flood" ni ya gari lililofutwa na bima au lililozama. Kwenye Fusion iliyozama, umeme hautatulia kamwe.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa injini baridi

Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini yenye maji ndani ya silinda hujisaliti sekunde za kwanza tu.

1. Tazama tangi la maji ya rejeta kabla ya kufungua chochote. Kimo kiwe kati ya MIN na MAX. Magari ya 2013 hadi 2018 yalitoka na maji ya rangi ya machungwa. Ukikuta kijani au maji meupe ya bomba, kuna mtu amekuwa akijaza, nawe uulize yanakwenda wapi.

2. Chomoa dipstiki na fungua kifuniko cha oili. Ute kama chai ya maziwa ni kosa kubwa. Lakini angalia usidanganyike: kwenye ugonjwa wa 1.5 na 2.0 maji huungua ndani ya silinda na kutokea ekzosi, kwa hiyo oili inaweza kuwa safi kabisa. Oili safi si cheti cha afya hapa.

3. Washa, na mtu mwingine asimame nyuma. Mtetemo wa nusu dakika kisha gari likatulia ni dalili mbaya. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke wa kawaida. Unaoendelea dakika 10 baadaye, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta.

4. Chomeka kifaa cha kusoma hitilafu. Cha dola 20 kinatosha. Soketi iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Kodi (namba za hitilafu) P0300 hadi P0304 na P0316 ni za silinda kutowaka vizuri; P0217, P1285 na P1299 ni za joto kupita kiasi. Kisha fungua ukurasa wa vipimo vya moshi ("readiness"): kama vingi vinaonyesha havijakamilika, mtu amefuta kodi muda mfupi kabla hujaja, au betri ilitolewa. Kwa vyovyote usilipe siku hiyo.

Hatua ya 5: Liendeshe nusu saa

Anzia barabara ndogo, kisha ingia barabara kuu. Hita iwe wazi muda wote. Ikianza kupuliza baridi ukiwa kwenye taa nyekundu, mara nyingi maji yamepungua na hewa imeingia kwenye mfumo.

Giaboksi la gia 6 la Ford, linaloitwa 6F35, lina historia. Kwenye magari ya 2010 hadi 2012 kuna bamba la wimbi ndani ya klachi ya gia ya 3, ya 5 na rivasi. Likivunjika, vipande vinasaga mengine, na gari linapoteza gia hizo tatu kwa pamoja. Ndiyo maana kipimo kizuri ni rivasi: weka R mguu ukiwa kwenye breki, uhesabu. Gia ishike ndani ya sekunde moja. Kisha ondoka taratibu ukisikiliza kati ya gia ya 2 na ya 3: injini ikipanda juu kama iko huru kabla gia haijashika, acha.

Kwenye haibridi, sikiliza mvumo kati ya maili 30 na 50 kwa saa. Za 2013 hadi 2016 zina bearingi ya shafti ndani ya giaboksi inayokufa. Mvumo unapanda na mwendo wa gari, injini iwe inawaka au imezima. Kwanza ondoa shaka ya bearingi ya gurudumu: pinda kidogo kushoto, kisha kulia. Mvumo ukibadilika, ni gurudumu, na hilo ni jambo dogo. Usipobadilika, ni giaboksi.

Matuta yakigonga "kok kok" mbele, mara nyingi ni linki za stabilaiza au bushi za mkono wa chini. Hizo ni za kupunguzia bei, si za kukimbilia.

Ukirudi, zima, subiri gari lipoe, tazama tena kimo cha maji. Usifungue kifuniko likiwa moto.

Hatua ya 6: Lipa fundi

Kwa injini ya turbo, ukaguzi wa macho hautoshi. Mwambie fundi afunge pampu kwenye tangi la maji, ajaze presha hadi karibu psi 20, aiache angalau saa 5, kisha atoe plagi na kuingiza kamera kwenye kila silinda. Pistoni iliyo na unyevu, au iliyosafishika ikang'aa kuliko wenzake, imekuwa ikioshwa na maji. Muuzaji akikataa gari lisilale gereji, amekujibu.

Kwa 2.5 inatosha gari linyanyuliwe. Katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani, kama Ohio, Michigan na Minnesota, tazama mapaja ya magurudumu ya nyuma, mabomba ya breki na fremu ndogo ya mbele. Kutu ya juujuu haina neno. Bisibisi ikizama, hapo gari limeshakwisha.

Kizazi cha kwanza cha 2010 hadi 2012 kina kosa jingine linalotisha wanunuzi bure: gari linapoteza nguvu ghafla, taa ya injini inawaka, kodi ni P2111 au P2112. Hiyo ni throtoli ya umeme. Ni boliti 4 na gasketi, kazi isiyomaliza asubuhi, na punguzo zuri kwa anayejua.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza ukishalinunua

Badilisha oili bila kuangalia stika ya muuzaji. Kwa kizazi cha pili, 2.5 inachukua kwoti 5.7 (lita 5.4) za 5W-20, 1.5 kwoti 4.3 za 5W-20; haibridi kwoti 4.5 za 5W-20, 2.0 EcoBoost kwoti 5.7 za 5W-30. Filta ya Motorcraft FL-910S inafaa zote hizo. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Spana kwenye filta ndiyo inayomtesa anayefuata.

Kompyuta ya gari inaweza kukuruhusu hadi maili 10,000 kabla ya kuomba oili. Kwa 2.5 ya barabara kuu inavumilika. Kwa injini ya turbo fanya kila 5,000, kwa sababu oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha na kupoza shafti ya turbo.

Mafuta ya giaboksi ya kizazi cha pili ni Mercon LV. Usikubali mafuta ya "magari yote", wala usikubali kuoshwa kwa mashine ya presha. Kumwaga na kujaza kunatosha.

Ukibadilisha betri ndogo ya volti 12, liache gari limezimwa na kufungwa saa 8. Kompyuta inahitaji muda huo kuijua betri mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile kuukuu.

Mwisho, nati za magurudumu. Za kiwandani zina kofia ya bati juu ya chuma. Maji yanaingia katikati, kutu inavimba, na boksi ya milimita 19 haiingii tena. Hili hugundulika usiku, kando ya barabara, mvua ikinyesha. Nunua seti ya nati 20 za chuma kitupu zenye uzi wa M12x1.5, uzikaze kwa nguvu ya futi-pauni 100. Magurudumu ya kizazi cha pili yana matundu ya 5x108, ya kwanza 5x114.3, rimu za ndugu yako haziingiliani kwa sababu tu zote ni Fusion.

Kwa anayefikiria kulituma nyumbani

Fusion ilitengenezwa na usukani wa kushoto pekee. Kenya hairuhusu gari binafsi la aina hiyo kuingia, kwa hiyo wazo hilo linaishia bandarini Mombasa. Mwenye kutaka gari hili kwa usukani wa kulia atafute Mondeo ya Uingereza. Kongo, Burundi na Rwanda wanaendesha upande wa kulia, gari litaingia barabarani vizuri, lakini vipuri vyake havitakuwa kwenye kila duka kama vya Corolla. Kwa huko chukua 2.5 tu, na kwenye kontena tia filta 6, pedi za breki za mbele na nyuma, bearingi 2 za magurudumu, linki za stabilaiza, koili za plagi 4 na pampu ya maji.